Push ya Vania

Darasa langu pale Msimbati lilikuwa na kila aina ya mtoto. Rajabu aliongea Kiingereza cha katuni mpaka kinakera. Wengine walidhani "good morning" ni jina langu. Mimi nilikuwa mwalimu wa kujitolea, kijana wa Chuno, mjini, niliyemaliza kidato cha sita, na kijijini sikuwa na mtu. Jioni nilijitania mwenyewe, na sikuwa nikicheka sana.

Ili wote washiriki, nikabuni mchezo. Wawili wawili kwenye dawati, mmoja mbele, mmoja nyuma: nikisema "push", wanasukuma; "pull", wanavuta. Anayekosea anatoka.

Vania alitoka wa kwanza kila siku. Nikisema "push", yeye anavuta.

"Ticha, huyu ana gia ya nyuma tu!" Rajabu akapayuka. Darasa likavunjika mbavu.

Ijumaa hakuna aliyekubali kucheza naye. Akabaki dawati la mwisho, anakwangua mbao kwa ukucha.

"Ticha, Jumatatu siji."

Nikamsindikiza kwao, nikimwomba Mungu maneno ya kumrudisha. Mama yake, Esperanca, aliyehamia naye kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, tulimkuta kisimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Ngoja kwanza, ndoo nzito hii. Vania! Pusha! Pusha!"

Vania akadaka kamba, akavuta.

"Mama, umemwambiaje?"

"Pusha. Ni Kireno, mwanangu, maana yake vuta."

Nikacheka peke yangu kama chizi. Nikainama kwa Vania. "Jumatatu njoo. Hiyo pusha yako naitaka."

Alikuja. Nikamweka mbele ya dawati, Rajabu nyuma.

"Rajabu, yako ya Kiingereza. Vania, ya Kireno. Haya: push!"

Mmoja akasukuma, mwingine akavuta. Dawati likatoka mbio mpaka mlangoni, wenzao bado wanasukumana katikati ya darasa.

"Kesho niko naye mimi!" Rajabu akadai.

"Thubutu! Gia ya nyuma si ulimwita wewe? Ni zamu yangu!" akadakia mwenzake, Riziki.

Wakaondoka wakimgombania, Vania katikati, anawafundisha kuhesabu Kireno. Hakuna aliyegeuka kuniaga.

Dawati likabaki mlangoni. Nikasukuma kwa nyuma. Likasogea kidogo, likagoma. Nikazunguka mbele.

"Pusha," nikajiamrisha, nikavuta.

Likasogea kidogo. Nikarudi nyuma yake kusukuma; mbele hapakuwa na mtu.