Kiendelezi Alicholeta Meneja

Nyumbani walimwita Kitindamimba hata alipofikia umri wa kuitwa shangazi. Alikuwa fundi wa tovuti, akifanyia kazi katika chumba cha uani, na mama yao aliwaambia wageni, "Huyu anachezea kompyuta." Kaka yake, aliyekuwa na meza katika ofisi yenye zulia, mama alimwita Meneja.

Marehemu baba yao alikuwa seremala. Miaka yake ya mwisho alijirekodi akifundisha kupiga randa na kuunga mbao, akaziweka video mtandaoni, na wanafunzi wake wa zamani wakawa wanamfuata huko. Alipofariki, akaunti ikabaki kwa mama. Masikio ya mama yalikuwa yameanza kugoma, kwa hiyo Kitindamimba akamtengenezea kiendelezi, kijiprogramu cha kubandika kwenye kivinjari cha intaneti, kinachokuza manukuu yanayopita chini ya picha na kupunguza kasi ya maneno. Mama akawa anakaa kutwa mbele ya mumewe, akimjibu.

Jumapili moja Meneja akaja na haraka zake.

"Mdogo wangu, ofisini wanataka nilinganishe viendelezi, vya kutazamia video na vya mafundi wa tovuti. Nisaidie, haya ndiyo mambo yako."

Akamsaidia. Vya mafundi havikumpa tabu: kimoja kinapima rangi na nafasi kati ya maandishi, kingine kinaonyesha ukurasa umejengwa kwa zana zipi. Vya video ndivyo vilivyomkalisha. Kimoja kinatia giza pembezoni mwa picha, kingine kinaiegesha picha kwenye kona huku unaendelea na kazi. Kimoja, kizuri kuliko vyote kwa sura, kilifanya yote hayo, lakini kilidai ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua, na karibuni kilikuwa kimeuzwa kwa watu wasiojulikana.

"Hiki usikiguse," alimwambia kaka yake. "Kizuri hakikosi ila, na ila ya hiki ni wizi."

Meneja akacheka. Bosi wake alikuwa ameshakipenda. Onyo la mdogo wake akalifuta kwenye ripoti, kiendelezi akakisifu mbele ya wakubwa, akapigiwa makofi. Kwa furaha ileile akaja kumwekea na mama, cha mdogo wake akaking'oa.

"Hiki chako kina sura ya daftari la chekechea," alimwambia mdogo wake.

Kitindamimba akamfuata mama jikoni.

"Mama, tukiondoe hicho. Kinasoma kila kitu, mpaka nenosiri lako."

"Wivu huo, mwanangu. Mwenzio kaniletea kitu kizuri."

"Mama, nakusihi!" Alipaza sauti mpaka jirani akachungulia dirishani.

Mama akageukia sufuria yake. Kitindamimba akakiondoa mwenyewe. Mama akamwita Meneja, kikarudishwa, na kompyuta ikahamia chumbani kwa mama, mlango ukatiwa ufunguo.

Haukupita muda, nenosiri la akaunti likabadilishwa. Wezi wakaandika chini ya picha ya baba kwamba mjane wake yu mahututi, wanafunzi wamchangie. Wakachanga. Waliposikia mjane anaonekana sokoni mzima kama kigingi, wakaja wamefura, wakajaa sebuleni.

"Mnamchuuza Mwalimu hata kaburini?" mmoja aliuliza.

Mama akamgeukia Meneja. Meneja akakohoa, akarekebisha kola.

"Akaunti imeibwa kupitia kiendelezi. Ulinganisho wa viendelezi aliufanya mdogo wangu. Mimi niliamini utaalamu wake."

Kitindamimba akamwangalia mama, akingoja neno.

"Mbona hukuniambia?" mama akasema.

"Nilikwambia, Mama. Jikoni."

"Ulisema polepole. Unajua sisikii."

Jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni, akainamisha macho akatazama viatu vyake.

Akaunti haikurudi. Nakala za video Kitindamimba alikuwa nazo, lakini jina la baba halikuwa na nakala. Akaanza kuwapigia simu wanafunzi, mmoja mmoja, kuomba radhi. Meneja hakumpigia hata mmoja. Alikuwa na mikutano.

Wengi walimkatia simu. Seremala mmoja mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Binti, baba yako asingeomba vile. Maneno yale hayakuwa ya nyumba yenu, na nilishuku. Nikatuma tu. Nikasema, huenda shida imewabadilisha."

Kitindamimba akasema ahsante. Simu ilipokatika aliilaza kifudifudi mezani, na siku hiyo hakuweza kumpigia mtu mwingine.