Ukurasa wa Torvald Gjerde

Alhamisi hiyo Borghild Tveit aliamka na miguu isiyotaka kutulia. Alichemsha kahawa akaisahau jikoni. Alipanga vikombe kabatini, akavipangua, akavipanga tena vilevile. Mjane wa miaka sabini na minne, mwenye nyumba iliyozoea kujaa watu mpaka wengine wakae juu ya sanduku la kuni, leo hakutaka hata jirani apige hodi. Na ukimwona Borghild hataki mgeni, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa mezani: karatasi moja, mistari minne. Kwa miaka miwili kamati ya kina mama wa kitongoji cha Hauglund ilikuwa inakusanya habari za wazee wote waliokuwa wa kwanza kuilima ardhi ile ya Saskatchewan, Kanada, kila ukoo na ukurasa wake. Nani alitoka wapi, alipanda ngano ekari ngapi, mvua ya mawe ilimkuta mara ngapi. Kesho saa sita mchana kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa. Kila mwanakamati alikuwa amepewa kurasa za mwisho azipitie, na Borghild akapewa huu:

"Torvald Gjerde. Alikuja kutoka Norway mwaka 1926. Alilima ekari mia moja na sitini upande wa kaskazini. Hakuoa. Alipenda upweke. Alifariki Januari 1980."

Alipenda upweke. Maneno hayo mawili yalikuwa yamemkosesha raha tangu Jumatatu. Akanyanyua simu, akampigia mwenyekiti.

Lavina Stenerud alikuwa mwalimu wa shule zamani, na mpaka leo alikuwa akisahihisha sentensi za watu wazima wakiwa bado wanazisema.

"Lavina, huu ukurasa wa Torvald."

"Una nini? Tarehe zimekosewa?"

"Tarehe ziko sawa. Hapa panaposema alipenda upweke. Nani kasema?"

"Shoga, nani hajasema? Mtu kakaa karibu miaka arobaini haji dansini, haji kwenye kahawa ya kanisani, ukimpungia mkono barabarani anatazama nguruwe wake. Ulitaka niandike alipenda sherehe?"

"Labda alikuwa na sababu."

"Kama unaijua, niambie. Kama huijui, niache nimalize ukoo wa mume wangu. Mama mkwe kaniachia watoto kumi na wanne, na watano kati yao wanaitwa Ole."

Borghild akaigeuza karatasi kifudifudi. "Nitakupigia."

"Kabla ya saa kumi. Baada ya hapo nafunga bahasha."

Sababu alikuwa anaijua. Ndiyo iliyomfanya azunguke meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Zamani, upande wao wa shamba, nyumba tisa zilitumia waya mmoja wa simu. Simu ikilia kwa mmoja, ililia kwa wote. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, wa nyumba ya Rud mirefu miwili na mfupi mmoja, lakini hakuna kilichokuzuia kunyanyua mkonga usikilize ya wenzako. Na wote walinyanyua. Theluji imefika madirishani, betri ya redio imekufa, ungefanya nini? Wasikilizaji wakizidi, sauti ilififia, mpaka mwenye simu apige kelele, "Jamani, wekeni chini, simsikii daktari," nawe unasikia mikonga ikirudi mahali pake, ka, ka, ka. Hakuna aliyekasirika. Sharti lilikuwa moja tu: ulichokisikia hukukisikia. Ungoje usimuliwe upya, kisha ushangae. Katika kushangaa Borghild hakuwa na mpinzani.

Jumatano moja ya Februari 1942 ulilia mlio wa Rud. Borghild alikuwa na mikono kwenye unga, akachelewa. Aliponyanyua akakuta mazungumzo yamekwishapamba moto. Sauti ya kiume, ya Torvald Gjerde, kapera wa upande wa kaskazini, ilikuwa ikisema kwa upole, "Sasa twende kwenye nguo za ndani za kike."

Kisha Oline Rud, mke wa mtu, mama wa kijana aliyekuwa vitani: "Tayari."

"Ile ya waridi unaiona?"

"Naiona, Torvald."

Borghild aliweka mkonga chini kama aliyeshika sufuria la moto. Kila Jumatano Nils, mume wa Oline, alikuwa mjini kwenye mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu, na hilo wote walilijua. Jumamosi, kina mama walipokusanyika kushona mablanketi ya viraka, Borghild alilisema. Alilisema kwa siri, kwa wanawake wanane tu.

Jumatano iliyofuata akawahi kunyanyua, apate iliyobaki. Ndipo akaijua kweli. Kila nyumba pale ilikuwa na katalogi ileile ya duka la kuagiza kwa posta, na Torvald alikuwa akimfundisha Oline kusoma. Fungua ukurasa wa themanini, kuna picha ya buti, chini yake pameandikwa buti. Wiki hii majiko, wiki ijayo makoti, na wiki ile iliyopita, nguo za ndani. Oline hakuwahi kukanyaga shule hata siku moja. Mama yake alikufa akamwachia wadogo kumi. Mwanawe Arvid alikuwa akiandika barua kutoka vitani, na Nils anazisoma kimoyomoyo, anasema "Mzima," kisha anazitia katika mfuko wa koti. Oline alitaka kujua zaidi ya mzima kuna nini.

Borghild alisikiliza majira matatu ya baridi, kiganja kikiziba simu pumzi yake isisikike. Hakumwambia mtu yeyote.

Lakini yale ya Jumamosi yalikuwa yamekwishatembea mpaka masikioni mwa Nils. Nils Rud ndiye alikuwa na mashine ya kupura ngano. Kila mwaka wanaume wote walikwenda nayo shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwangu, na kina mama wakipika kwa madishi. Vuli ile mashine ilifika kwenye geti la Torvald ikapita bila kukata kona. Hakuna aliyeuliza. Theluji ikaangukia miganda yake ya ngano shambani. Mwaka uliofuata Torvald akaacha ngano, akanunua nguruwe, na dansini hakuonekana tena.

Borghild alijiambia atasema kesho. Ikawa miaka thelathini na minane.

Sasa akafunga chapati za viazi katika taulo, zenye siagi na sukari, akawasha pikapu. Upepo wa Mei ulikuwa unapeperusha udongo wa mashamba mpaka barabara haionekani. Alipofika kwenye maghala marefu ya ngano aligeuza gari kurudi nyumbani. Mbele ya posta akageuza tena. Mtu wa posta alitoka nje kabisa kumtazama.

Oline Rud, miaka themanini na mitatu, alikuwa ameketi dirishani katika nyumba ya wazee, na lenzi mkononi, akiwasomea wenzake matangazo ya vifo gazetini kwa sauti.

"Borghild," alisema. "Umekuja na chakula, basi una shida. Ninyi wengine nendeni mkacheze karata, marehemu wamekwisha kwa leo."

Wakabaki wawili. Borghild hakukaa. Alisogeza pazia, akalirudisha.

"Mama Arvid, nimekuja kwa ajili ya Torvald. Kwenye kitabu wameandika alipenda upweke."

"Torvald?" Oline alicheka mpaka akakohoa. "Yule aliyekuwa akihutubia nguruwe kutwa? Yule alikuwa na njaa ya watu."

"Nayajua mambo ya katalogi."

"Najua kama unayajua."

"Nani kakwambia?"

"Saa yako."

Borghild akaacha pazia.

"Kila nyumba ilikuwa na sauti yake kwenye ule waya," Oline alisema. "Kwa Stenerud mbwa. Kwa Bakke kikohozi cha mzee. Kwako ile saa ya ukutani inayochechemea. Tak. Halafu tak-tak. Ikiingia tu, Torvald anasema, haya, mwanafunzi wa pili kafika."

"Na hamkukata?"

"Tukate ya nini? Niliona wanawake kanisani wananitazama kiuno, nikajua yamekwishasemwa. Torvald akaniambia, mwache asikilize. Huyo Borghild ana mdomo. Akishajua kweli, ataifikisha kila nyumba kabla ya Jumapili, wala hatutatoa jasho." Aliipangusa lenzi kwa pindo la sweta. "Tukangoja. Mashine ikapita geti lake. Tukangoja tena."

Chumba cha pili mtu alikuwa anachanganya karata. Borghild alisikia masikio yake yakiwaka.

"Ungemwambia Nils mwenyewe."

"Nimwambie kwamba sijui kusoma? Miaka ishirini namwambia macho yananiuma. Nilikuwa mwoga, sikatai. Nilimwachia Torvald mzigo wangu akaubeba mpaka kaburini. Lakini yule mke wa Bakke aliyeanzisha, huyo sikumpa salamu miaka thelathini. Tumemzika sijamsamehe."

Hapo Borghild angeweza kunyamaza. Mke wa Bakke alikuwa amekufa, hana cha kupoteza. Angesema pole, akatoka, akaenda kufuta maneno mawili kwenye karatasi, na watu wakamwona mwema. Alifika mpaka mlangoni. Akarudi.

"Si mke wa Bakke. Ni mimi. Siku ile ya nguo za ndani nilichelewa kunyanyua, nikasikia zile tu. Nikazisema kwenye kushona."

Oline akalisukuma taulo la chapati pembeni kwa kidole kimoja.

"Karibu kila Jumapili," alisema, "mwanamke yule aliniwekea nafasi kwenye benchi lake. Na mimi nikienda kukaa kwingine."

Borghild akavuta kiti, akakaa.

"Una kalamu?" Oline akauliza.

"Ninayo."

"Andika yote. Andika kwamba sikujua kusoma, na umri niliokuwa nao. Andika katalogi. Na nguo za ndani, usije ukaziruka kwa haya zako za sasa. Na mashine ilipita. Weka jina langu. Weka na lako, palepale panapostahili."

"Watatusema, Mama Arvid."

"Watakusema wewe. Mimi watanisoma." Akageukia dirisha. "Nenda. Saa kumi haikungoji."

Borghild akanyoosha mkono kuchukua taulo lake.

"Chapati ziache," Oline alisema, bila kugeuka.

Aliandika amesimama jikoni, karatasi juu ya friji, maana kila alipokaa miguu ilimwinua. Alifuta, akaandika, akafuta. Ilipobaki robo saa, akaona hakuna wakati wa kuipeleka kwa gari. Akapiga simu.

"Lavina, shika kalamu. Ukurasa wa Torvald. Futa alipenda upweke."

"Niweke nini badala yake?"

"Weka: 'Hakualikwa.' Halafu endelea, nakusomea."

Akasoma. Siku hizi kila nyumba ilikuwa na waya wake, na hapakuwa na mikonga inayonyanyuliwa, wala mbwa wa mtu, wala kikohozi. Ilikuwa sauti yake peke yake, safi kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani Borghild alitamani nyumba zote tisa ziwe zinasikiliza. Alisoma majiko na makoti. Alisoma jinsi Machi 1944 Oline Rud alivyomsomea Torvald kwenye simu barua ya mwanawe, kutoka salamu mpaka sahihi, kwamba buti zinavuja, kwamba anamuulizia farasi kilema, kwamba anaogopa. Na kila alipokwama kwenye neno, Torvald alingoja bila kumtajia. Alisoma geti na theluji. Alisoma lile la Jumamosi, wanawake wanane na yeye wa tisa.

Lavina hakumsahihisha hata mara moja. Lilikuwa jambo la kutia hofu.

"Nguo za ndani," alisema mwishowe, "zikae kwenye kitabu kitakachowekwa kanisani?"

"Zikae."

"Mama yangu alikuwa miongoni mwa hao wanane."

"Najua. Alikuwa kulia kwangu."

Lavina akavuta pumzi. Kalamu yake ilisikika ikikwaruza, ikasimama. "Borghild, kitabu ni kitabu. Mtu atauliza, haya nani aliyasikia? Nimeandika hapa chini, 'kama ilivyosikiwa na'. Na nani?"

"Na Borghild Tveit."

"Una hakika?"

"Andika kabla sijabadilisha mawazo."

Kalamu ikakwaruza tena. Kisha Lavina akasema, "Ngoja. Kuna kitu kinagonga kwenye simu yako. Tak, halafu tak-tak. Nilikuwa nakisikia utotoni, kwenye simu ya mama."

Borghild akatazama ukutani.

"Ni saa yangu," alisema. "Nayo iandike."