Asubuhi Buibui wa Nkwabi Alipolala Chali

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, mji wa Mhunze uliamka na mawingu mazito yasiyodondosha hata tone, na upepo wa vumbi uliogonga mabati tangu alfajiri.

Zipora alimaliza sala ya asubuhi, akachukua ufagio, akaingia stoo. Pembeni ilikaa ndoo pana iliyofunikwa kipande cha neti, nyumba ya buibui wa mumewe, Nkwabi. Alikuwa buibui wa porini mwenye manyoya, mpana kama kiganja. Nkwabi alimtoa shambani akiwa mdogo kama punje ya choroko, akamlea kwa panzi na mende, na sasa alicheza naye ngoma. Wenzake wa kikundi walijiviringishia chatu shingoni. Yeye alimtembeza buibui usoni, na watu wakapiga vigelegele.

Zipora hakumtaka. Wiki nzima, kwenye maombi ya akina mama, alisimama akasema bila kumung'unya maneno, "Bwana, kiumbe kile kife, kiondoke nyumbani kwangu."

Sasa alichungulia, na ufagio ukamponyoka. Buibui alikuwa chali, miguu yote minane imeelekea juu, imetulia tuli.

Aliomba, ndiyo, lakini hakutegemea kusikilizwa upesi hivyo, wala kumtazama aliyemwombea kifo. Na Nkwabi, aliyekuwa zizini akikamua, angemwambia nini?

Akawaita jirani zake wa maombi, Agnetha na kiongozi wao, Mama Hosiana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiko wapi?"

Agnetha alichungulia. "Mke mwenzio leo kalala chali kama anasubiri kukandwa."

"Acha mzaha," alisema Mama Hosiana. "Huu ni ushuhuda. Kesho Zipora atasimama kanisani. Kwanza tukichome."

Jiko la mkaa lilikuwa uani, uji umeshaepuliwa. Zipora akabeba ndoo, akaondoa neti, akaiinamisha juu ya makaa. Buibui hakudondoka. Alikuwa amejitandikia utando mweupe, mzito kama shuka, naye amenata juu yake. Zipora akasita. Kinachokufa kinajitandikia saa ngapi?

Ndipo ubavu wa buibui ukapasuka taratibu, na ndani ya mguu mweusi ukaanza kuchomoka mguu mwingine, rangi ya maziwa.

Zipora akasogeza uso. "Kuna mwingine ndani."

"Pepo hilo, linatoka," alisema Mama Hosiana, akashika ukingo wa ndoo. "Mwaga."

Tangu aokoke, Zipora hakuwahi kumbishia Mama Hosiana. Sasa akaivutia ndoo kifuani.

"Siwezi, mama. Anahangaika aishi."

Nkwabi akatokea zizini na ndoo ya maziwa. Alipoona mkewe kaikumbatia ndoo ya buibui juu ya jiko, uso ulimsawijika.

"Mmemgusa?"

"Bado."

"Iweke chini polepole. Usimtikise."

Akaitua. Nkwabi akachuchumaa, akatazama, akapumua.

"Anajivua ngozi. Buibui akifa hukunja miguu chini ya tumbo. Akilala chali hivi anajivua, na sasa hivi ni laini kama ini. Ukimgeuza tu, umemuua. Si nilikwambia juzi, alipoacha kula?"

"Uliniambia. Nikaanzisha pambio ili nisikusikie."

Wakasimama wote wakitazama. Ngozi ya zamani ilibaki nyuma na manyoya yake yote, kama shati aliloliacha mtu kitandani, na buibui aliyepauka akalala kando yake, akitweta. Agnetha, asiyejua kunyamaza, alikuwa amefunika mdomo kwa khanga.

"Nilikuwa nimeshapanga na wimbo wa kufungulia ushuhuda," Mama Hosiana alinong'ona.

Nkwabi hakumtazama. "Zipora, buibui alikuwa anafanya nini juu ya moto?"

Zipora angeweza kumnyooshea kidole aliyesema mwaga. Hakufanya hivyo.

"Nilimwombea kifo. Wiki nzima. Nikadhani nimejibiwa."

Nkwabi akarudi nyuma hatua moja, kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemtegemea. Ule uso ndio uliomtisha Zipora kuliko buibui. Akapiga magoti kwenye vumbi, kando ya ndoo, akapaza sauti mpaka wapita njia wakasimama kwenye uzio wa minyaa.

"Mama Hosiana, Agnetha, na ninyi hapo nje, mnisikie, na Mungu wangu anisikie. Sitaomba tena kiumbe chochote kife. Na huyu, mpaka ngozi yake ikomae, mlinzi wake ni mimi."