Dawa Inayotambua Chakula

Muuzaji sokoni aliniambia maneno machache tu: dawa hii inaua majani, mahindi haiyagusi. Basi. Lakini mimi niliendesha lori Bunia–Mahagi miaka thelathini, na habari ikipanda kwangu haishuki bila kuongezewa mzigo. Nilipofika kwa jirani yangu Anselme, dawa ilikuwa haigusi chakula chochote. Nilipofika nyumbani, ilikuwa inanusa kila mmea, inauliza kwanza unaliwa au hauliwi, ndipo inaua. Ubaya ni kwamba mke wangu Scholastique alisikia. Ubaya zaidi, mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kujisadiki.

Kwetu mwanamke akiona mahindi yameota, anatia maharagi katikati ya mistari. Na haya hayakuwa maharagi ya soko. Yalikuwa yale mekundu ya mama yake. Tulipokimbia vita mimi nilibeba redio, yeye akafunga mbegu katika kitenge. Redio ilikufa siku ya tatu. Maharagi yametulisha mpaka leo. Safari hii alipanda yote, hakubakiza hata kikombe, maana panya walikuwa wameanza kuyatafuna.

Aliniuliza mara mbili kama dawa haitayadhuru. Nikamjibu, nimekwisha kuudhika, kwamba ile dawa ina akili kutushinda sote. Kwenye chupa palichorwa jani pana lenye msalaba mwekundu juu yake. Nililiona. Nikadhani ni pambo.

Nikabeba pompi mgongoni, nikapuliza. Siku ya nne maharagi yalijikunja kama minyoo juani. Mahindi yalisimama wima, mazuri, hata nikatamani kuyapigia makofi.

Scholastique alipita mstari kwa mstari, kisha akarudi.

«Baba Falone, dawa yako iliuliza?»

Nikageukia mahindi.

«Mama aliniachia mbegu. Miye nitamuachia Falone nini? Redio?»

Jioni ile tulikuta mistari miwili ya mwisho, karibu na uzio, ikiwa bado mibichi. Ndipo nikakumbuka: pale nilisimama kumweleza Anselme jinsi okapi, yule mnyama wa msitu wa Epulu, alivyopuliziwa dawa hii, kupe wakafa, yeye akaendelea kula. Hadithi ilipokwisha, nikaenda zangu nikidhani nimemaliza shamba.

Sasa mistari hiyo naipalilia kwa vidole, jani moja moja, na mgongo huu wa lori. Jana Anselme akaja kuazima dawa, shamba lake limejaa maharagi. Nikamwambia ukweli mtupu: inaua maharagi. Akacheka mpaka akashika uzio.

«Muzee, weye na uongo wako. Sema tu hautaki kunipa.»

Nikaapa kwa marehemu baba. Akacheka zaidi. Scholastique, bila kuinua kichwa, akasema: «Muonyeshe.»

Nikampeleka kwenye mistari iliyokufa. Hapo akaondoka bila dawa.

Niliporudi, Scholastique alinyoosha kidole nyuma yangu. Nilikuwa nimeruka jani moja.