Mkunga wa Ghorofa ya Kumi na Tatu

Jumamosi asubuhi Nkirote alitoka nyumbani kwake, ghorofa ya kumi na saba, kapu la nguo chafu kiunoni, akaingia kwenye lifti kuelekea chumba cha kufulia kule chini kabisa. Lifti iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa moja tu, kama ilivyo desturi ya majengo ya St. James Town, Toronto, nayo ilikuwa na maringo: ilisimama ilipotaka. Safari hii ilisimama kati ya kumi na nne na kumi na mbili. Mlango ulipofunguka, mbele yake palikuwa na barabara pana ya mji mdogo, duka la vifaa vya ujenzi, kanisa jeupe, maktaba ya matofali, na tangi la maji lililosimama kwa miguu minne, limeandikwa TOLVER. Nyuma ya tangi kulikuwa na mashamba ya mahindi mpaka macho yachoke. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka la kinyozi aliinua kofia.

"Unashuka hapa?" aliuliza.

"Hapana, nakwenda kufua."

"Haya, siku njema."

Mlango ukajifunga. Nkirote akafua nguo zake, nyeupe mbali na za rangi mbali, akasubiri zikauke.

Jengo lile halikuwahi kuwa na ghorofa ya kumi na tatu. Waliolijenga waliiogopa namba hiyo, wakairuka, halafu watu haohao wanatucheka sisi tukimwogopa bundi! Nafasi ikabaki pale tupu tangu siku ya kwanza. Na huko katikati ya Marekani, Tolver ulikuwa ukinyang'anywa vitu vyake kimoja baada ya kingine: kwanza stesheni ya treni, kisha posta, kisha shule, na mwisho hospitali ya karibu, hadi wajawazito wakawa wanajifungulia ndani ya magari kando ya barabara, theluji ikianguka. Watu wa Tolver walikutana ukumbini, wakabishana, wakanywa kahawa, wakaamua kuhama. Hawakuhama mmoja mmoja kama watu wengine. Walihama na mji wenyewe, na mashamba, na makaburi ya wazee wao. Mtu alikuwa amewaambia kuna ghorofa tupu Toronto, wakaja. Ukibonyeza kumi na mbili na kumi na nne kwa pamoja, unafika.

Wapangaji waliipokea habari hiyo bila makuu. Kila mtu mle ndani alikuwa ametoka mahali. Kama hawa walikuja na mahali penyewe, basi walikuwa na mizigo mingi tu. Malalamiko yalikuwa mawili: jogoo wa Tolver waliwika mapema mno, na bwana mmoja wa ghorofa ya kumi na mbili alisema kuna ng'ombe wanatembea juu ya dari yake. Msimamizi wa jengo alibandika tangazo kwamba ng'ombe wasipandishwe kwenye lifti.

Aliyekosa utulivu ni Phyllis, jirani wa Nkirote wa mlango wa pili.

"Mama Kirimi," alisema, kwa maana Nkirote alikuwa na mwana mmoja, Kirimi, mtu mzima anayefanya kazi ya kompyuta huko Calgary, "majirani wamekuja na sisi tumekaa tu? Watatuonaje?"

Wakapika chapati. Tatizo ni kwamba watu wa Tolver nao walijihesabu kuwa ndio wenyeji, kwa sababu mji wao ulikuwa na miaka zaidi ya mia na jengo lile lilikuwa la juzi tu. Basi chapati zikishuka na viazi vya kuokwa vikipanda, wakakutana kwenye lifti, kila upande ukiuambia mwenzake karibuni, karibuni sana.

Tena, kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Bahati mbaya, Tolver nako hakirudishwi kitupu. Bakuli la kioo la bibi mmoja aitwaye Dorothy likaanza safari isiyokuwa na mwisho. Lilipanda na viazi, likashuka na pilau, likapanda na keki ya tufaha, likashuka na mukimo wa viazi na mahindi. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kulirudisha bila kitu, na wote wakanenepa. Chini ya bakuli palibandikwa kipande cha utepe chenye jina la mwenyewe, na Phyllis akaamini kabisa kuwa hilo ndilo jina la chakula. Kanisani aliwaambia watu kwamba doroti ya nyama ya kusaga inaishinda mbali doroti ya viazi.

Zamu ya Nkirote ilipofika, alishuka na githeri ya maharagwe aliyoipika kwa mahindi ya Tolver yenyewe. Yalikuwa ya njano, na Phyllis alikataa kuyaonja. Aliyakumbuka ya msaada, ya ule mwaka wa njaa wa themanini na nne, na tumbo lake lilikuwa halijasamehe. Jikoni kwa Dorothy, Nkirote alimkuta mjukuu wa bibi huyo, Becky, ana mimba kubwa, amejishika mbavu.

Nkirote aliweka bakuli mezani. "Mtoto anakupiga teke wapi?"

"Chini. Chini kabisa," Becky akasema. "Na huku juu pana kitu kigumu, hakiniachi nipumue."

"Hicho ni kichwa chake. Amekaa kitako. Utaniruhusu nikuguse?"

Hapa lazima isemwe kwamba Nkirote alikuwa mkunga. Huko Nkubu, Meru, alizalisha watoto hadi baadhi yao wakakua, wakaolewa, wakarudi kwake kujifungua. Toronto alikuwa akiogesha wazee. Kila asubuhi alipanda treni na basi hadi makao ya wazee Mississauga, mji wa jirani, akawasugua migongo, akawabadilisha mashuka, na hakuruhusiwa kumpa mtu hata kidonge cha kuumwa kichwa. Ofisi ya leseni ilisema mafunzo yake yanatathminiwa. Alifanya mitihani, akafaulu, akaambiwa mitihani hiyo imebadilishwa. Alifanya mipya, akafaulu, akaambiwa sasa kimebaki kitu kimoja tu, uzoefu wa Kanada, nao hupatikana kwa kufanya kazi ya ukunga, ambayo haifanywi bila leseni. Hata mwenye kuyasema hayo aliona aibu kidogo. Nkirote hakutaka utajiri wala jumba. Alitaka kumpokea tena mtoto kwa mikono yake. Aliukosa ule uzito mdogo wa moto, aliukosa hadi usingizini, akawa anaamka ameikinga mikono mbele.

Basi siku hiyo, jikoni kwa Dorothy, alilipapasa tumbo la Becky taratibu, akakisukuma kichwa huku, akakiinua kitako kule, akipumzika na kusikiliza, hadi tumbo lote likabadilika umbo mbele ya macho yao.

"Amepinduka!" Becky akasema, akacheka, akaomba githeri.

Jioni ile mji ulikutana ukumbini. Meya alikuwa ndiye kinyozi, tena ndiye mkuu wa zimamoto wa kujitolea, kwa kuwa Tolver mtu mwenye kazi moja alionekana mvivu. Alimwita Nkirote mbele.

"Unajua kuzalisha?"

"Ndiyo."

"Tuonyeshe mikono."

Nkirote akanyoosha mikono. Wazee wa mji wakaitazama juu na chini, wakaishika, wakapeana habari zake kwa sauti ya chini, kama watu wanaonunua ng'ombe wa maziwa. Kisha wakapiga kura. Aliyepinga ni mzee mmoja tu, na yeye alipinga kila kitu. Wakamkabidhi Nkirote funguo za zahanati, ambayo ilikuwa na kitanda, taa, sinki na kila kifaa, ila mtu wa kukishika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo. Toronto ilikuwa imempa fagio. Tolver walimpa jembe lake.

Becky alijifungua msichana. Desturi ya Tolver, mtoto akizaliwa, ni kupiga king'ora cha zimamoto, na wapangaji wa ghorofa za juu wakateremka ngazi mbio wakidhani jengo linaungua. Walipoambiwa ni mtoto, walirudi kuchukua zawadi. Phyllis alileta njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na uji wa wimbi, akamsimamia Becky hadi akamaliza yote. Nkirote alikaa kwenye kizingiti cha zahanati, aproni imelowa, akalia kwa furaha mbele ya watu wote, na wala hakujifuta.

Baada yake akaja Chepngetich wa ghorofa ya tisa, akapata mvulana. Kisha mama mmoja Mkongomani wa ghorofa ya ishirini, akapata mapacha na kuimba njia nzima ya kurudi. Kisha wakaanza kuja wanawake wa mbali, wa yale maghorofa ya Kingsview Village, ndege zikiwapitia juu ya vichwa wanapotoka nyumbani. Tolver ikachangamka. Maktaba iliyokuwa ikifunguliwa Jumanne tu ikaongeza Alhamisi. Kwaya ya kanisa jeupe ikapata sauti ya pili na ya tatu, na mpiga kayamba. Shule ikafunguliwa upya, na watoto wa jengo waliokuwa wakisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza waliwafundisha wenzao wa Tolver matusi madogo madogo ya Kiswahili, ambayo walikuwa wakiyajua vizuri sana siku zote. Karamu za Jumamosi zikawa kubwa hadi meza zikapangwa barabarani, na Dorothy akasema Tolver haikuwa na kelele tamu namna hii tangu treni ziache kuja.

Nkirote akaona sasa uzoefu anao. Akaipigia simu ofisi ya leseni, akapokewa na kijana mwenye sauti ya upole.

"Umezalishia wapi?" kijana akauliza.

"Hapahapa Toronto. St. James Town, ghorofa ya kumi na tatu."

Kijana akatafuta kwenye kompyuta yake. "Jengo hilo halina ghorofa ya kumi na tatu."

"Ni kweli, halina. Pana mji."

"Mji wa nchi gani?"

"Wa Marekani."

"Aa, basi," akasema kijana, kwa furaha ya mtu aliyepata pa kuliweka jambo. "Huo ni uzoefu wa nje. Hauhesabiwi." Akamtakia wikendi njema, na alimaanisha.

Msimamizi wa Nkirote kule makao ya wazee alikuwa nesi mmoja aitwaye Shaila, Mwismailia aliyezaliwa hukuhuku Kanada, wazazi wake watu wa Mwanza. Alikuwa mwema, mwenye sheria zake, na wakati huo alikuwa na mimba. Bibi mmoja wa jamatkhana, nyumba yao ya ibada, alikuwa amemsifia mkunga fulani wa St. James Town, mwenye mikono ya baraka. Uchungu ulipomshika, mumewe Riyaz akaendesha gari hadi mjini, wakabonyeza namba zao, wakafika. Mlangoni mwa zahanati Shaila akasimama.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Panda kitandani, mwanangu."

Haikuwa rahisi. Mtoto alitoka kichwa, na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Nkirote alisema, "Acha kusukuma," na Shaila, ambaye kazini ndiye aliyekuwa akisema acha, akaacha. Nkirote akapenyeza kidole, akaukunjua uzi ule mzunguko mmoja, akaukunjua wa pili, akasema, "Sasa," na mvulana akaja, wa buluu kwanza, kisha mwekundu, kisha mwenye hasira. King'ora kikalia. Riyaz alikuwa amelala sakafuni, na meya, kwa cheo chake cha zimamoto, alikuwa akimpepea kwa kofia. Shaila aliushika mkono wa Nkirote akaubusu, machozi yakimtiririka, na Nkirote naye akambusu kwenye paji la uso. Walipendana, na hakukuwa na unafiki wowote katika hilo.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, Shaila alirudi kazini na picha za mtoto kwenye simu, akawaonyesha wazee wote mmoja mmoja. Siku hiyo hiyo, saa ya chai, Nkirote alikuwa akimwosha miguu mzee Roshanali. Mzee huyu alikuwa na duka Mwanza enzi hizo, na alifurahia kusema Kiswahili na Nkirote, ingawa alimwambia kila siku kwamba cha Kenya kina mifupa. Katikati ya mzaha huo akanyamaza. Uso ukampauka. Nkirote akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akasikiliza.

"Nkirote, tafadhali," Shaila akasema kutoka mlangoni. "Hiyo si kazi yako."

"Mapigo yanaruka, sista."

"Niachie mimi."

Nkirote akaachia. Shaila akaushika mkono uleule, akatazama saa yake, akahesabu. "Yanaruka," akasema. Akaleta dawa, akampa, na muda si muda rangi ya mzee ikarudi, na ubishi wake pia.

"Wewe binti," mzee Roshanali akamwambia Shaila, "si huyu ndiye aliyekuzalisha? Jamatkhana nzima inajua."

"Ndiye," Shaila akasema, na uso wote ukamchangamka. "Bila yeye mwanangu asingekuwepo. Hakuna mkunga kama huyu, mzee, nakuapia. Lakini kule ni ghorofa ya kumi na tatu. Hapa ni Mississauga."

Ilimuuma Nkirote. Ilimuuma hadi akashindwa kukunja vidole, akabaki amesimama katikati ya chumba, mikono mbele, kama mtu aliyepokonywa mtoto. Hakuna aliyemuuliza ana nini.

Shaila akamsogelea, akashusha sauti. "Wa pili yuko njiani. Utanipokea?"

"Nitakupokea," Nkirote akasema, akapiga magoti tena mbele ya mzee, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa bado haujaoshwa.