Kijito Kilichohamia Kifuani

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakausha umande kwenye mabenchi ya bustani, kikundi cha mtaa kilishuka kijitoni na reki, machepe na magunia matupu. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha kutunza. Kinyozi alisafisha chini ya daraja. Nesi mstaafu alisafisha penye mawe ambapo kenge hupenda kuota jua. Mpaka rangi alisafisha kona ya nyuma ya bustani, iliyofichwa na mianzi, ambayo wageni huipita bila kujua kuwa ipo. Mke wake, fundi cherehani, alikaa ukingoni akifunga midomo ya magunia kwa uzi mwekundu, kwa fundo lile lile analofungia mito ya makochi.

Kisha lori la mwenyekiti wa mtaa likaja kubeba magunia ya tope na mawe. Wakampigia mwenyekiti makofi, kama ilivyokuwa desturi.

Kijito kilizidi kusafishwa na kilizidi kupungua. Mwanzoni kilikuwa cha kuruka, baadaye cha kuvuka kwa hatua, halafu kikawa chembamba kama mkanda wa suruali. Watu walililaumu jua.

Siku kilipokauka kabisa, mpaka rangi alirudi nyumbani miguu ikichuruzika maji. Alipoinama kuvua viatu, kitu kiligugumia kifuani mwake. Mkewe akaacha pasi, akaweka sikio kwenye shati lake. Akasikia kokoto zikiviringika.

"Ni kijito," mume akasema.

"Tangu lini?"

"Leo hii. Nilikuwa nimeinama pale kwenye mianzi, kikapanda."

"Hata hodi hakikupiga?"

"Kilikuwa kinakimbia, mke wangu. Hakikuwa na muda."

Fundi akamletea taulo.

Jioni nesi mstaafu alikuja na kipimo chake cha kusikilizia kifua. Alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akasema kinatiririka vizuri ila kina taka kidogo upande wa kushoto, na mgonjwa asilale chali. Kinyozi naye alikuja kumpa pole, akakaa mbali kidogo.

"Shemeji, ukitaka kukohoa utuambie," alisema. "Nina redio mfukoni."

Chura akalia ndani ya mpaka rangi. Wote wakacheka, na mwenyewe akacheka, akamwaga maji kidogo kwenye zulia.

Fundi alicheka pamoja nao mpaka alipokwenda jikoni. Huko dirishani aliona mawingu yamejipanga juu ya mapaa, meusi upande wa chini. Masika yaliyopita kijito kile kilifurika kikang'oa daraja la chuma, kikalibeba mpaka chini kwenye mashamba kama mtu anayebeba kiti. Lile lilikuwa daraja la chuma. Mbavu za mumewe yeye alizijua moja moja.

Kesho yake alifuata mkondo mkavu kuelekea juu, akitafuta pa kukirudishia. Alipita chini ya daraja jipya, akapita mawe ya kenge, akapenya mianzi, akafika ilipokuwa chemchemi. Palikuwa na uzio wa mabati. Akachungulia kwenye upenyo.

Chemchemi ilikuwa imeshindiliwa magunia, moja juu ya jingine, safi kama matofali. Kila gunia lilikuwa na fundo jekundu. Hakuna hata moja lililolegea. Juu yake palisimama nyumba ndefu ya vyumba vya kupangisha, na mwanamke mmoja alikuwa akianika nguo mlangoni.

Alimkuta mwenyekiti barazani kwake.

"Karibu kiti, mama."

"Mwenyekiti, umeziba chemchemi."

"Tumeziba," mwenyekiti alimsahihisha kwa upole. "Mimi nimebeba tu. Mmejaza nyie, na wewe ukafunga. Kwa kweli unajua kufunga."

"Maji yamehamia kwa mume wangu."

"Nimesikia. Mpe pole sana."

"Na mvua ikija?"

Mwenyekiti aliinua uso akatazama mawingu kwa muda, kama mtu anayetazama saa ya ukutani. "Tuombe isiwe kubwa."

"Toa magunia."

"Mama, pale wanaishi watu. Unataka nibomoe nyumba nzima kwa ajili ya kifua kimoja?"

Fundi aliwaeleza wenzake wa kikundi. Hakuna aliyebisha. Nesi alikunja mikono. Kinyozi aliikagua reki yake jino kwa jino, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Sasa Jumamosi taka zitabebwa na nani? Lori ni lake peke yake."

Jumamosi walikuja nyumbani kwa fundi, kwa kuwa kijito kilikuwa huko. Walifuta mabuti mlangoni, wakamwamkia mpaka rangi, wakagawana vipande. Yeye aliketi uani kwenye kigoda, akapanua mdomo. Nesi alisimamia kooni, akavuta mfuko wa plastiki, halafu mkanda wa ndala. Kinyozi alimgonga mgongoni kwa kiganja, na tope jeusi likateremka ndani ya gunia.

"Pole pole jamani," mpaka rangi alisema walipompumzisha. "Kuna kenge ana mayai."

Wakafanya pole pole.

Tone la kwanza liligonga bati. La pili likamwangukia mpaka rangi begani, na ndani yake kokoto zikaanza kuviringika, taratibu, kisha haraka. Akamtazama mkewe. Akashika kigoda kwa mikono miwili.

Lori likapiga honi. Safari hii mwenyekiti aliingia mwenyewe, akavua kofia, akasalimia kila mtu. Alimtazama mpaka rangi kutoka bega moja hadi jingine, jinsi watu wanavyotazama kiwanja.

"Pazuri hapa," alisema. "Pakijazwa kidogo, panafaa."

Watu wakapiga makofi, kama ilivyokuwa desturi, mvua ikayafunika. Fundi akavuta uzi mwekundu, akaufunga kwenye mdomo wa gunia, akaukata kwa meno. Fundo lilikaza.