Mkwe Juu ya Sitaha

Mashua ya marehemu Ambrose ilikuwa na tanga zuri, mlingoti imara, na sitaha iliyovuja kila mahali. Daktari mmoja Mzungu aliiacha ufukoni mwa ziwa, Lyulilo, alipostaafu. Ambrose akaichukua, akaipenda, akafa, ikabaki kwa mkewe Tulinagwe. Mwezi uliopita alipeleka saruji ya kanisa la Ikombe, ambako hakufiki gari, na mvua ikanyesha njia nzima. Mifuko sita ilishuka imekuwa mawe. Wazee wa kanisa waliipanga mlangoni, wakaikalia.

"Shemeji," alisema Godwin, mdogo wake Ambrose, "Jumamosi unapeleka saruji nyingine. Ukilowa hata mfuko mmoja, hii mashua naipasua mbao, nitengeneze milango. Ukoo umeshakubali."

"Ukoo gani?"

"Mimi na shangazi."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Tulinagwe alisali, kisha akafikiri.

Mtu pekee aliyejua sitaha katika ufuko ule alikuwa Mzee Hezroni, aliyeziba matundu ya meli bandarini Itungi enzi za ujana wake. Tatizo ni kwamba Mzee Hezroni ndiye aliyemzaa Ambrose. Na kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake. Kwa miaka kumi na tisa, Tulinagwe alipomwona mzee anakuja njiani aliingia kwenye migomba mpaka apite. Mchungaji alishamwambia kwamba hiyo si amri ya kumi na moja. "Ndiyo, Mchungaji," alijibu, akaendelea kuingia kwenye migomba.

Mzee alipopelekewa ujumbe alikubali, ila akaeleza kwamba kutafuta tundu kunataka watu wawili: mmoja juu anamwaga maji, mwingine chini anaangalia yanakotokea. Chumba cha chini kiliingiwa kwa magoti, na magoti ya mzee yalishakataa kazi. Basi Jumatano asubuhi Tulinagwe akaingia chini na chaki, mzee akapanda juu na ndoo. Mlangoni, katikati yao, akasimamishwa Evodius, Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, mgeni kutoka Bukoba. Kosa lake lilikuwa kupita na kuuliza wanafanya nini.

"Mwambie namwaga mbele," alisema mzee.

"Mama Neema, anamwaga mbele," Evodius alimwambia Tulinagwe.

"Mwambie yanatoka nyuma," alisema Tulinagwe, akachora alama ya chaki, akatega chungu chini ya tone.

"Mzee, yanatoka nyuma."

"Haiwezekani! Mwambie aangalie vizuri."

"Lakini Mzee, amekusikia. Mko hatua mbili tu!"

"Hajasikia," alisema mzee.

"Sijasikia," alisema Tulinagwe.

Kufika saa sita palikuwa na matone ishirini na saba, na vyungu ishirini na saba vilivyoazimwa sokoni. Shingo ya Bwana Samaki ilikuwa haigeuki tena. Aliondoka upesi, simu sikioni, na wala haikuwa imelia.

Mzee akakohoa.

"Chungu," alisema kwa sauti, "mwambie aliye ndani kwamba sasa namwaga katikati."

Tulinagwe alivitazama vyungu vyote, akachagua kimoja chenye mdomo mpana. "Chungu, mwambie yanatoka nyuma. Na mbele. Na hapa kichwani kwangu."

"Chungu, unanidanganya!"

"Mwambie chungu hakidanganyi, kinajaa tu."

Wanawake wa sokoni walishajazana mlangoni. "Hicho nimekifinyanga mimi," alisema Angetile, "na kwangu hakijawahi kusema hata neno moja."

Mzee akasogea kwenye shina la mlingoti, kwenye kipande cha bati kilichopigiliwa zamani, akakikanyaga. Kra! Mguu wake mzima ukapita kwenye sitaha mpaka pajani. Vidole vitano vikaning'inia mbele ya pua ya Tulinagwe. Akajifunika uso kwa kitenge.

"Chungu," ilisema sauti ya juu, nyembamba sasa, "mwambie nimenasa."

Hapo hapo mvua ikaja, ile mvua ya Kyela isiyopiga hodi. Wanawake wawili wakapanda kumvuta mzee. Tulinagwe alifumba macho akaomba. Alipofumbua, akaona kitu. Alama ya kwanza ya chaki haikudondosha. Ya pili, kimya. Akazipitia zote ishirini na saba, polepole, kwa kidole. Kavu. Kumbe maji yalikuwa yakiingia mahali pamoja tu, chini ya lile bati, yakitembea ndani ya mbao na kutokea popote yalipopenda. Na sasa mahali pale palikuwa pamezibwa na paja la baba mkwe.

"Msimvute!" alipiga kelele. "Chungu, mwambie asitikisike! Yeye ndiye kizibo!"

Juu, mzee akaiondoa mikono ya wanawake. "Yote yameacha?"

"Mwambie yote."

"Basi mwambie nakaa."

Akakaa saa nzima, ili wawe na uhakika, Angetile akimkinga mvua kwa jani la mgomba.

Godwin alifika na msumeno, anacheka, maana alisikia mashua imevunjika. "Vizuri umeuleta," alisema baba yake. "Kata hapa, kuzunguka mguu wangu. Ukipitiliza, utanibeba wewe mpaka nife."

Godwin alikata huku akitokwa jasho kwenye mvua. Ijumaa jioni ubao mpya ulikuwa umekaa, maungio yameshindiliwa pamba na lami.

Jumamosi mvua iliwapiga kutoka Lyulilo mpaka Ikombe. Mzee alishika usukani, Godwin tanga, Tulinagwe akabaki ndani na mifuko, akiitazama mmoja mmoja kama watoto wenye homa. Walipotia nanga, Godwin aliingia, akapapasa mifuko yote, akarudia. Akaubeba wa mwisho, akaupiga konde kwa hasira. Vumbi likamwingia puani, akapiga chafya mara nne.

"Nani huyo anapiga chafya?" mzee aliuliza kutoka juu.

"Ni Godwin, baba," alijibu Tulinagwe. "Ni vumbi la saruji."

"Ndaga, asante," alisema mzee.

Ndipo wote wawili wakagundua walichofanya. Mzee akageuka haraka kutazama ziwa, Tulinagwe akageuka kutazama mifuko, na Godwin, katikati yao, akapiga chafya ya tano.